Nebraska: jimbo ambalo utajiri wake uko chini ya ardhi (na kidogo uko angani)

Mara ya kwanza nilidhani ni feni belti.

Ilikuwa Machi, nimelala kwenye lori kituo cha mafuta karibu na Kearney, saa moja na nusu asubuhi ndo kunapambazuka, baridi ile ya kung'ata masikio, nimeshuka kukagua matairi kabla sijaondoka nasikia kitu kinalia krrruu krrruu krrruu, kama belti imelegea inataka kukatika. Nikafungua boneti nikamulika tochi, natafuta weee, belti nzima, feni nzima, nikazima kabisa injini na sauti bado ipo. Dereva mwenzangu mmoja, babu wa kizungu na kikombe chake cha kahawa, akanitazama akacheka akaninyooshea kidole juu. Nikaangalia juu. Jamani. Anga yote kutoka huku mpaka kule ilikuwa mistari mistari ya ndege wenye shingo ndefu, mstari juu ya mstari, maelfu kwa maelfu na wote wanapiga kelele kwa wakati mmoja. Nilisimama pale na tochi mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Mzigo nikaufikisha nimechelewa dakika arobaini na wala sikujali.

Posti hii ni ya hao ndege, lakini ukitaka kuwaelewa lazima tuanzie mbali kidogo, kwa hiyo vumilia.

Mi nakaa Omaha, mashariki kabisa mwa Nebraska, jimbo la katikati ya Marekani, huu mwaka wa saba, kazi yangu lori. Haiwei ya 80 inakata jimbo zima kutoka Omaha mpaka kwenye mpaka wa Wyoming, kilomita 732, yaani ni kama umetoka Dar umefika Singida na bado una mwendo. Madereva wengi hawaipendi. Hakuna kona, hakuna mlima, mahindi kulia mahindi kushoto, redio inakamata stesheni za bei ya ng'ombe na mahubiri basi. Na mi nilikuwa kwenye kundi hilo hilo la kulalamika, nikiulizwa Nebraska ikoje nasema ni kama Mungu alipofika hapo alikuwa amechoka akaacha hivyo hivyo.

Sasa ubapa wenyewe kwanza ni uongo. Omaha uko kama mita 300 juu ya bahari, ukifika mpaka wa Wyoming umeshapita 1,500, na sehemu ya juu kabisa ya jimbo inaitwa Panorama Point, mita 1,654, nimefika, ni uwanja wa majani tu na jiwe la kumbukumbu na baisoni wa shamba la mtu wanakuangalia. Kilimanjaro haiko hapo. Umepanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu na macho hayajaona kitu, dizeli ndo inajua, hasa ukiwa unaelekea magharibi na upepo unakupiga usoni.

Kitu cha pili macho hayaoni ni mvua. Mashariki kule kwangu inanyesha zaidi ya milimita 700 kwa mwaka, magharibi haifiki hata 400. Ukifika mji mdogo wa Cozad kuna bango limeandikwa hapa ndo longitudo ya 100, na wazee wa zamani waliuchukulia huo mstari kama mpaka: mashariki yake unalima kwa mvua, magharibi yake unalima kwa kuomba. Serikali ya Marekani mwaka 1862 ilitoa sheria ya kugawa ardhi bure, heka 160 kwa mtu, kaa miaka mitano, lima, ni yako. Mtu anayehesabika wa kwanza kujiandikisha alichukua eneo lake hapa hapa Nebraska, karibu na Beatrice, Januari 1, 1863. Bure bure lakini tuseme ukweli, ilikuwa ya watu. Wapawnee walikuwa kwenye mto Platte kabla hata ya hao waandishi wa ramani, mpaka miaka ya 1870 walikuwa wameshasukumwa Oklahoma. Waponca nao wakahamishwa kwa nguvu, chifu wao Standing Bear akarudi kwa miguu kumzika mwanawe nyumbani, akakamatwa, na mwaka 1879 jaji wa Omaha akalazimika kuandika kwamba Mhindi Mwekundu naye ni "mtu" mbele ya sheria. 1879! Mahakama inakaa kikao kuamua kama mtu ni mtu.

Basi na jina lenyewe Nebraska ni la hao hao wenyeji. Waotoe walikuwa wanauita ule mto Ní Brásge, maji bapa. Wafaransa wakaja wakatafsiri, Platte, bapa. Kwa hiyo jimbo ambalo kila mtu analiona kavu lina jina la maji, na hilo lilinisumbua muda mrefu mpaka siku nilipopeleka mzigo Valentine.

Valentine iko juu kaskazini, kwenye kaunti ya Cherry, na kufika huko unapita kinachoitwa Sandhills, vilima vya mchanga. Mimi ni mtoto wa mfugaji, Msukuma wa Meatu, na nakwambia sijawahi kuona malisho kama yale. Ni matuta ya jangwa halisi, mchanga mtupu, kilomita za mraba kama 50,000, ndo matuta makubwa kuliko yote upande huo wa dunia, isipokuwa yamevaa majani. Majani ndo yameyashika yasitembee. Ukichimba na kisigino tu unakuta mchanga. Kaunti ya Cherry peke yake ni kubwa kuliko mkoa mzima wa Kilimanjaro, halafu Kilimanjaro ina watu zaidi ya milioni 1.8, Cherry ina watu kama 5,500. Nimeendesha saa nzima kule sijapishana na gari.

Wale waliopewa heka 160 walipofika pale walikwama, serikali ikaongeza mwaka 1904 ikawa heka 640 kwa mtu, na bado wengi wakashindwa, maana ukilima mchanga ule ukiondoa majani upepo unachukua shamba lako unampelekea jirani. Waliobaki ni wenye ng'ombe. Na walichokuja kujifunza ni kile kile mababu zetu walikuwa wanakijua, kwamba malisho unayapumzisha. Mzee mmoja niliyempelekea nguzo za uzio alinizungusha na pikapu yake akanionyesha vipande alivyofunga, hiki wamekula Juni, hiki hakiguswi mpaka mwakani, nikamwambia mzee sisi hii tunaita ngitili. Akataka nimtamkie vizuri. Tukahangaika na ile "ng" kama dakika tano.

Halafu nikafanya kosa. Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Uso wake ukabadilika kidogo, akaangalia mbali, akasema wapo, wapo kiasi. Nikacheka mwenyewe moyoni, maana baba yangu angejibu neno kwa neno hivyo hivyo! Kwetu humuulizi mtu idadi ya ng'ombe zake, ni kama unamuuliza benki ana shilingi ngapi, na mbele ya mgeni hata mtoto wa nyumbani hatamki namba. Mi niliyelelewa hivyo nimefika Marekani nikasahau adabu, nikakumbushwa na mzungu wa Cherry.

Sasa kilichonishangaza zaidi ni maji. Kati ya tuta na tuta kuna ziwa. Tuta, ziwa, tuta, kinamasi, bata wamejaa. Na kila baada ya mwendo kuna kinu cha upepo, kile cha mapanga ya bati, kinapampu maji yanaingia kwenye tangi la duara la ng'ombe, hakuna umeme hakuna jenereta, mchana usiku. Nikamuuliza mzee hapa maji yako mita ngapi chini, nikitegemea aseme mia na kitu kama visima vyetu. Akasema huku bondeni ukichimba shimo la nguzo ya uzio unaweza kuyakuta.

(Nje ya mada kidogo: yale matangi ya ng'ombe, wakati wa kiangazi chao watu wanayaweka mtoni, wanapanga viti na kreti ya vinywaji ndani, wanaelea mto Calamus siku nzima wanazunguka kama sahani. Ni burudani kabisa watu wanalipia. Nimejaribu. Nikikwambia nilitapika utaniamini?)

Yale maji yanaitwa Ogallala. Siyo ziwa la chini ya ardhi kama watu wengine wanavyofikiria wala siyo mto uliojificha. Ni mchanga na kokoto zilizosombwa kutoka milima ya Rockies mamilioni ya miaka, zikajipanga, na katikati ya punje na punje maji yamekaa, kama umemwaga maji kwenye ndoo ya mchanga. Linapita chini ya majimbo 8 kuanzia South Dakota mpaka Texas, lakini theluthi mbili hivi ya maji yote yako chini ya Nebraska, sehemu nyingine unene wa mchanga wenye maji unazidi mita 200. Na Sandhills ndo mdomo wake, mvua ikinyesha pale haikimbii, inazama papo hapo. Kule Texas na Kansas kuna sehemu wamevuta mpaka visima vimekauka kwa sababu kwao hayarudi haraka. Kwa hiyo nchi kavu kavu hii inakaa juu ya maji. Waotoe waliona mto, hawakukosea hata kidogo.

Ukiruka na ndege juu ya Nebraska utaona maduara ya kijani, mamia, kama mtu kamwaga sarafu. Huo ni mtambo wa kumwagilia unaozunguka, bomba refu kama mita 400 juu ya magurudumu, katikati kuna kisima, linazunguka taratibu kama mshale wa saa. Aliyeugundua ni mkulima, Frank Zybach, akiwa Colorado, hati yake ya ugunduzi ni ya 1952, na miaka miwili baadaye akauza haki kwa jamaa wa mji unaitwa Valley hapa karibu na Omaha, na mpaka leo makampuni makubwa ya hiyo mitambo duniani mengi ni ya Nebraska. Na angalia hii: zile heka 160 za mwaka 1862 bado zipo. Mraba wa heka 160, ndani yake duara la heka kama 130, kona nne zimebaki kavu. Sheria ile ya 1862 ya Rais Lincoln unaiona kutoka dirishani kwenye ndege.

Leo Nebraska ndo jimbo linaloongoza Marekani nzima kwa ardhi ya umwagiliaji, kupita hata California. Swali ambalo Msukuma yeyote atauliza ni moja: mbona hayajaisha? Na hapa ndo nawavulia kofia. Mwaka 1972 waligawa jimbo kwa mabonde ya mito, siyo kwa mipaka ya kaunti, sa hivi yapo 23, kila bonde lina bodi yake inayopigiwa kura na wananchi wa pale pale, ina uwezo wa kutoza kodi, na kwenye baadhi ya mabonde inafunga mita kwenye kisima chako na kukwambia mwaka huu mgao wako ni huu, ukizidisha utajibu. Kisima kiko shambani kwako, umechimba kwa hela yako, na jirani yako anayekupigia honi barabarani ndo kapiga kura ya kukuwekea mita. Wanagombana kweli, na jimbo jirani la Kansas liliwaburuza mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani kwa ajili ya mto Republican. Ila nikifikiria Ruaha Mkuu ulivyoanza kukauka kila kiangazi toka miaka ya 90, viboko wanabanana kwenye matope, natamani mtu aje apige picha za hizi bodi apeleke Usangu.

Siyo kwamba wao malaika. Mbolea ya mahindi na samadi inazama na maji, visima vya kunywa vya vijiji vingi vina naitreti nyingi kuliko inavyoruhusiwa, na hilo halina mita ya kulifunga kirahisi. Lakini ukitaka kumuudhi mtu wa huku gusa maji yake. Lile bomba la mafuta la Keystone XL lilipotaka kupita Nebraska, wafugaji ambao wanapigia kura chama kile kile miaka yote walisimama bega kwa bega na wenyeji wa asili na watu wa mazingira, miaka na miaka, mpaka mradi ukafa 2021.

Haya, maji yanakwenda wapi? Mahindi. Nebraska ni ya tatu kwa mahindi Marekani. Lakini usifikirie ugali. Ni mahindi ya njano magumu, wazee wa miaka ya 70 na 80 watakumbuka ugali wa yanga, ule wa mahindi ya msaada, ndo haya haya, na mke wangu mpaka leo hataki hata kuyaona, sembe nyeupe tunanunua kwenye duka la Waafrika. Huku machache sana ndo yanaliwa na mtu. Sehemu kubwa inakwenda kuwa ethanoli ya kuchanganya na petroli, na yale machicha yanayobaki, hayatupwi, yanapakiwa moto moto kupelekwa kwa ng'ombe. Nimeyabeba hayo machicha. Trela linanuka kama kilabu cha pombe ya kienyeji, nilivyofungua mara ya kwanza nikakumbuka nyumbani vibaya sana.

Ndama anazaliwa Sandhills kwenye majani, akikua anashushwa kwenye mazizi makubwa ya kunenepesha karibu na mahindi, anakula mahindi na machicha miezi kadhaa, anaingia kiwandani anatoka kwenye boksi. Jimbo lina ng'ombe kama milioni 6 na watu kama milioni 2, watatu kwa mmoja. Tanzania tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, tumewaacha mbali kwa idadi, lakini wao kwa kilo za nyama hatuwagusi, na hapo sitaki kuendelea maana nitamkasirisha mzee wangu. Omaha hapa mwaka 1955 mnada wake wa mifugo uliupita wa Chicago ukawa mkubwa kuliko yote duniani, ukafungwa 1999, sa hivi ukipita pale utabaki kusimuliwa tu. Na watu wa Omaha wanapenda kutaja yule bilionea wao Warren Buffett, sawa, ila mi namwona zaidi yule anayekata nyama.

Anayekata nyama mara nyingi ni mgeni kama mimi. Lexington, mji wa watu kama 11,000 pale pembeni ya Platte, umejengwa upya na kiwanda cha nyama kilichofunguliwa 1990, baadaye kikawa cha kampuni ya Tyson, wakaja Wamexico, Waguatemala, halafu Wasomali. Kuna duka la Msomali pale nilikuwa nasimama kunywa chai ya maziwa na sambusa, na baadhi yao wamekulia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma, Kiswahili cha Kenya kinatiririka, tunabishana ligi. Novemba 2025 Tyson wakatangaza wanafunga kiwanda Januari 2026. Wafanyakazi kama 3,200. Kwenye mji wa 11,000! Sababu waliyosema na inayoeleweka ni kwamba ng'ombe wamepungua, ukame wa miaka kadhaa umewafanya wafugaji wauze hadi mitamba, kundi zima la Marekani limekuwa dogo kuliko wakati wowote tangu 1951, viwanda vimebaki vinagombania ng'ombe wachache. Nikampigia jamaa mmoja wa pale. Akaniambia "ndugu yangu mi nimehama kambi mara mbili, kuhama mji mmoja si kitu," halafu akanyamaza muda mrefu.

Kabla sijafika kwa ndege acha niwape ya vifaru, maana siwezi kuiacha. Kaskazini mashariki kuna sehemu inaitwa Ashfall, karibu na kijiji cha Royal, nilipeleka watoto kiangazi kilichopita. Unaingia kwenye banda kubwa, chini kuna mifupa imelala vile vile ilivyofia. Vifaru. Zaidi ya mia, wafupi wa miguu wenye tumbo kama pipa, mama na ndama wake ubavuni. Kuna ngamia na farasi wenye kwato tatu tatu. Kama miaka milioni 12 iliyopita huku kulikuwa kama Serengeti kabisa, volkano ikalipuka kule Idaho zaidi ya kilomita elfu moja, majivu yakanyesha kama theluji, wanyama wakayavuta na kuyala kwenye majani. Wadogo wakafa kwanza, ndege na kobe, halafu farasi na ngamia, vifaru wakafuata mwisho. Na wote wamekutwa sehemu moja kwa sababu walikimbilia bwawani. Mapafu yanawaka, wakaenda kwenye maji. Binti yangu aliuliza "baba, kwa nini hawakuondoka?" nikamwelezea kwamba majivu yalikuwa kila mahali, lakini nilikuwa nafikiria Laetoli kule kwetu Ngorongoro, majivu ya volkano vile vile yalivyotunza nyayo za watu wetu wa kale miaka milioni 3.6, watu walioondoka wakitembea.

Haya. Ndege.

Ni korongo, wa kijivu, ana kiraka chekundu kwenye paji la uso, akikunjua mabawa ni karibu mita 2. Msimu wa baridi wanakaa Texas, New Mexico na Mexico, wakati wa joto wanakwenda kuzaa Canada, Alaska, wengine wanavuka bahari mpaka Siberia. Na katikati ya safari yote hiyo, kuanzia Februari mpaka mwanzoni mwa Aprili, karibu wote, asilimia kama 80 ya aina yao duniani, zaidi ya nusu milioni, wanabanana kwenye kipande kimoja cha mto Platte cha kilomita kama 130. Ukichora kwenye ramani ni kama kiuno cha nyigu, pana juu, pana chini, katikati kamstari.

Kwa nini pale? Kwa sababu Platte ni bapa. Korongo halali juu ya mti, analala amesimama ndani ya maji, yawe ya kina cha kifundo cha mguu tu, na mto uwe mpana bila miti ili koyote, ambaye ni kama bweha wetu, akija asikike anavyochapa maji. Mchana wanatawanyika kwenye mashamba ya mahindi kuokota punje zilizomwagika wakati wa mavuno, wananenepa kama asilimia 20 ya uzito wao, hiyo ndo dizeli ya kufika Siberia. Yale yale mahindi ya machicha! Mkulima anavuta maji ya mto, maji yanakuza mahindi, mahindi yanalisha korongo, na korongo anahitaji maji yale yale yabaki mtoni alale. Mashine za kuvuna zimekuwa nzuri kupita kiasi sa hivi punje zinazodondoka zinapungua, mtu anasifia mashine korongo analala njaa.

Na mto umekonda. Mabwawa ya juu, kama lile la Kingsley la 1941, yamezuia yale mafuriko ya masika yaliyokuwa yanakuja na barafu kufagia miche kwenye visiwa vya mchanga, miti ikaota, mto ukagawanyika vijito vijito. Toka 2007 Nebraska, Colorado, Wyoming na serikali kuu wana mpango wa pamoja wa kurudisha maji kidogo na kuupanua mto, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni trekta zinang'oa miti. Nilivyoona mara ya kwanza nilichukia, mi nimetoka Meatu, mti kwetu ni dhahabu. Na hili ndo jimbo lililoanzisha siku ya kupanda miti, 1872, Nebraska City, na huko Halsey walipanda msitu mzima kwa mikono juu ya mchanga. Sasa wajukuu wanaikata, na kwenye Sandhills wanachoma mierezi inayovamia malisho. Kumbe mti nao unaweza kuwa gugu, inategemea umesimama wapi.

Machi iliyofuata nikachukua likizo nikaenda na familia, siyo na lori. Unaingia kwenye kibanda cha mbao pembeni ya mto bado giza, unaambiwa usiongee, usiwashe simu, usipige picha za mwanga. Saa nzima unasikia tu. Halafu mwanga unaanza na kile ulichodhani ni kisiwa cha mchanga kinatikisika, kumbe ni migongo. Maelfu wamesimama majini bega kwa bega. Wawili watatu wanaanza kucheza, wanaruka, wanainamisha shingo, wanarusha vijiti juu, mke wangu akaninong'oneza "kama mbina ya Bagika", ngoma yetu ya Kisukuma, nikaziba mdomo nisicheke. Tulitegemea kuwaona wale korongo weupe wakubwa, aina nyingine, ambao mwaka 1941 walikuwa wamebaki ishirini na kitu tu porini, sasa kundi lao linazidi 500, hatukubahatika. Halafu tai akapita. Mto wote ukanyanyuka. Siwezi kuielezea ile sauti, kifua kinatetemeka, mtoto wangu wa mwisho akalia.

Nilirekodi kama dakika moja nikamtumia baba WhatsApp. Akasikiliza, akanipigia mwenyewe, jambo ambalo hafanyi.

"Hao ndege wako wangapi?"

Nikamwambia zaidi ya nusu milioni.

"Nani kawahesabu?"

Nikamweleza kila Machi watu wanapanda ndege na kamera wanapita juu ya mto wanahesabu. Akaguna. Akasema siyo vizuri, kitu kikihesabiwa kinapungua. Nikamwambia baba hawa wanaongezeka, na hapa jimboni hata kuwawinda ni marufuku, majimbo jirani wanawapiga hapa hapana. Akakaa kimya kidogo, nikasikia mbuzi nyuma yake.

"Na hilo lambo wanalolala ni la nani?"

Nikaanza kumwelezea, kwamba maji yanatoka milimani Colorado, kuna mkulima, kuna bodi, kuna bwawa, kuna mita, kuna mkataba wa majimbo matatu, na bando lake likakata kabla sijafika Wyoming.